Viti Vina Wenyewe

Chef hakupenda kusalimiwa kabla yeye hajaisalimia mashine yake. Aliingia asubuhi, akatupita sote kana kwamba tulipakwa rangi ukutani, akafungua mlango wa chumba cha seva, akaweka kiganja juu ya bati lake na kutulia, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa tajiri. Kisha aligeuka na kutoa habari ile ile aliyoitoa miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

"Haiyaanguka." Yaani, mashine haijaanguka.

Baada ya hapo ndipo tuliporuhusiwa kumwambia jambo Chef, na yeye kutujibu kwa kidevu.

Kwetu Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, kila mwenye funguo ni Chef, yaani mkubwa, wa kitu fulani. Kuna Chef wa lango, Chef wa majenereta, Chef wa karatasi za choo. Lakini katika ofisi yetu jina hilo lilikuwa na mtu mmoja tu, na yeye alilivaa kama suti. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na viatu vilivyong'aa hata wakati wa masika, mji mzima unapotembea na udongo mwekundu hadi magotini. Hatukujua aliving'arisha wapi. Mzee mmoja wa usafi alidai kwamba Chef hubeba viatu mkononi hadi kona ya barabara na kuvivalia hapo, na mimi nilimwamini, kwa sababu lilikuwa jambo la kumfaa.

Chumba cha seva kilikuwa mahali pekee penye baridi ya uhakika katika jengo letu, na Chef alikigeuza ghala la nyumbani kwake. Nyuma ya kabati la mashine alihifadhi makayabu, samaki wa chumvi, yaliyofungwa kwenye gazeti, mikate, na katika miezi ya joto, nyama. Sisi tulikatazwa kuingia na hata chupa ya maji, kwa sababu kifaa hiki ni cha hatari. Wageni walipoletwa kuonyeshwa teknolojia yetu walikunja pua mlangoni. Chef aliwaeleza kwa Kifaransa kilichopigwa pasi kwamba hiyo ni harufu ya betri.

Ofisi yetu ilibeba habari za wengine, na mteja wetu mkubwa alikuwa mgodi wa wazi nje ya mji, shimo ambalo ukisimama ukingoni malori ya chini yanaonekana kama mende. Ukuta wa shimo hilo ulikuwa umepandwa vipimo kuanzia juu hadi chini: vifaa vidogo vya kusikiliza mwamba, vya kupima maji ndani ya udongo, vya kutazama kama ufa umepanuka kwa unene wa ukucha. Kila kimoja kilizungumza na seva yetu kwa njia ya redio. Seva ilipokea, ikapanga, na kama ukuta ulisogea, ilipeleka amri kwenye kengele zilizowekwa chini ya shimo. Kengele ikilia, kila mtu anaacha alichoshika na kupanda juu.

Kaka yangu aliendesha lori la maji huko chini. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia barabara ili vumbi lisiwapofushe wenye malori makubwa, na barabara hiyo ilipita chini ya ukuta, kwenda na kurudi, zamu nzima. Kwa hiyo mimi sikuwa mfanyakazi wa kawaida aliyechukia bosi wa kawaida. Habari yoyote iliyochelewa ndani ya seva ya Chef ilichelewa juu ya kichwa cha kaka yangu.

Ili mtu amwelewe Chef lazima amwone kwenye matanga.

Kwetu anapofariki mtu, familia hukodi viti vya plastiki na kuvipanga chini ya turubai. Na kuna desturi ambayo kila mtu huilalamikia na kila mtu huifuata: anayewahi hushikia wengine. Ataweka mkoba kwenye kiti hiki, kitenge kwenye kile, kofia kwenye cha tatu, na ukiuliza utaambiwa kwamba kiti kina mwenyewe. Chef alikuwa bingwa wa desturi hiyo. Alifika mapema na shangazi zake wawili, akaegemeza safu nzima ya viti mbele, migongo ikitazama watu, akakaa mwishoni kama mlinzi wa mpaka.

Siku moja, kwenye matanga ya jirani yetu, niliona mama mmoja wa familia za Kasai, mnene, miguu imevimba, akisimama mbele yake.

"Tata, hii kiti iko na muntu?"

"Iko na mwenyewe, mama. Beko mu njia."

"Banatoka wapi?"

"Dilolo, kule mwisho wa reli."

Mama alivitazama viti vitupu, akamtazama Chef, akauliza kwa upole mkubwa, "Na treni gani, tata? Leo treni haina." Watu waliinamisha nyuso, mabega yakatikisika. Chef hakutikisika. Mama alikaa chini, kwenye ukingo wa saruji, na viti vya ndugu wa Dilolo vikakaa vitupu hadi jioni. Wakati huohuo yule kijana aliyekodisha viti alisimama langoni akiwaambia waliochelewa kwamba viti vimekwisha. Hakudanganya. Alikuwa ameulizia kila safu na kujibiwa kwamba vina wenyewe.

Sasa ngoja nieleze kilichotokea ndani ya mashine, kwa sababu ni jambo lile lile, na Chef alilifanya kwa mkono ule ule.

Ndani kabisa ya mfumo wa kila seva kuna kiini, ambacho sisi kwa Kifaransa chetu tulikiita noyau. Huyo ndiye mgawaji. Kipimo cha ukutani kikitaka kuzungumza, noyau hukifungulia mlango wake, soketi. Ujumbe ukifika, unahitaji mahali pa kukaa hadi usomwe, na mahali hapo ni kumbukumbu, ambayo noyau humpa mwenye soketi. Lakini noyau haigawi punje kwa punje. Hukata kipande kikubwa, ujumbe ukikaa kwenye pembe moja, sehemu inayobaki soketi huikalia kama akiba, ili safari ijayo isilazimike kurudi kuomba. Ujumbe ukishasomwa na kuondoka, akiba inabaki palepale. Na hesabu ya pamoja, ile inayomwambia noyau seva nzima imetumia kiasi gani, haitofautishi kilichojaa na kilichoshikiwa. Vyote kwake vimekwenda.

Soketi chache zikifanya hivyo, hakuna anayeumia. Lakini sisi tulikuwa na ukuta mzima. Vipimo vingi vilisema neno moja asubuhi na kunyamaza siku nzima, kila kimoja kikiwa kimekalia kipande chake. Hesabu ilipanda, ikagusa mpaka, na noyau ikatangaza dhiki. Dhiki ikitangazwa, noyau huanza kubana kila koo: hukataa, huchelewesha, hutupa. Haiulizi nani ana habari na nani hana. Kipimo kinachoona ufa unafunguka kinasimamishwa mlangoni, wakati ndani kumejaa viti vitupu.

Sitaki kumdhulumu Chef, ingawa ningefurahi. Desturi hiyo ya akiba ilikuwa na sababu. Mashine ya siku hizi ina vichwa vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja, na vyote vikikimbilia hesabu moja kila mara, vinagongana mlangoni na kazi inazorota. Ndiyo maana wazee wa fani waliona heri kila soketi ibaki na chake mfukoni. Chef alijifunza hilo ujanani, wakati mashine moja ilizungumza na watu wachache, na alilijifunza vizuri. Kisha akafunga ukurasa na kukaa juu yake.

Hata hivyo hakuridhika na akiba ambayo noyau iliitoa yenyewe. Mwaka mmoja, seva ilipoanza kusuasua, yeye alipandisha kiwango ambacho kila soketi iliruhusiwa kukikalia, ili, kwa maneno yake, asiwepo mwenye kulala njaa. Ukimwona mtu anazima moto kwa mafuta utacheka kwanza, halafu utakumbuka nani yuko ndani ya nyumba. Na hakukubali soketi yoyote ifungwe. Kulikuwa na vipimo vilivyokwisha kufa, vilivyofukiwa na udongo au kung'olewa na mvua miaka iliyopita, ambavyo milango yao ilibaki wazi ndani ya seva, na mbele ya kila mlango, akiba yake, ikimsubiri mtu wa Dilolo.

"Mwenye kunyamaza hayakufa," alisema, yaani bado yu hai. Hayo yalikuwa maneno yake mengine. Alikuwa nayo mengi ya aina hiyo, na aliyatoa polepole, akisubiri uyaandike. Kuomba mara mbili ni haya. Mkubwa haulizi bei. Mashine ni mwanamke, ukiizima haikusamehe. La mwisho hilo alilisema mbele ya mkewe siku ya sikukuu ya ofisi, na mkewe, mama mkimya mwenye macho makali, alimjibu kwamba yeye angefurahi sana kama angezimwa walau siku moja akalala. Tulicheka hadi tukamwaga soda. Chef alisubiri tumalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Lazima pia niseme yaliyo mema, kwa sababu mtu wa kudharauliwa kabisa hayupo, na hilo ndilo linalochosha. Chef hakuiba. Katika ofisi ambapo hata balbu zilikuwa na miguu, yeye hakuondoka na msumari. Mtoto wa mlinzi wetu alipopata degedege, Chef alimbeba kifuani mwenyewe hadi hospitali, na viatu vile vikaloa matope, na hakulisema jambo hilo tena. Alikuwa na sikio la ajabu: angeweza kusikia feni inayotaka kufa siku kadhaa kabla haijafa. Na aliujua ukuta wa shimo kwa vipimo vyake kama mchungaji anavyowajua mbuzi. Kimoja kikinyamaza alikitaja jioni, akiwa anavaa koti, kwa sauti ya mtu anayetaja mgonjwa.

Watu wanapenda kumpa sababu. Inasemekana alikuwa na mtoto wa kiume aliyevuka mpaka kwenda Angola na hakuandika tena, na kwamba mezani kwake kuna sahani ambayo haijaondolewa. Sekretari wetu alinisimulia hayo huku machozi yakimlenga, kana kwamba ananikabidhi ufunguo. Mimi niliuchukua ufunguo huo na sikuona mlango. Nusu ya Kolwezi ina mtoto aliyevuka mpaka. Wengi wao hawamchinji mtoto wa mwingine kwa ajili ya sahani.

Nilimwendea nilipokwisha kuelewa. Ilikuwa mwanzo wa mvua, na kaka alikuwa ananiambia nyumbani kwamba siku hizi kengele ya majaribio, ile inayopigwa asubuhi ili watu waizoee, inachelewa. Wakubwa wa shimo waligusa kitufe juu, na chini watu waliweza kuwasha sigara na kuivuta kabla haijalia. Wao walifanya mzaha juu yake. Kaka alisema wameipa jina la mlevi mmoja wa mtaani kwetu, kwa kuwa huitikia salamu ukiwa umeshapita.

Nilimwonyesha Chef namba kwenye kioo. Nilimwonyesha hesabu ya pamoja, iliyosema seva imejaa hadi mdomoni. Kisha nikamwonyesha jumbe zenyewe zilizokuwa zikisubiri kusomwa: kidogo sana, konzi ya unga katika ghala. Nikamwambia kwamba waandishi wa noyau, huko waliko, walikwisha kuliona tatizo hilo kwenye mashine zenye soketi nyingi kuliko zetu, na walikwisha kulitibu. Katika toleo jipya soketi hairuhusiwi kukalia. Ujumbe ukisomwa, kinachobaki kinarudishwa papo hapo. Na ili vichwa vya mashine visigongane kwenye hesabu moja, kila kichwa kimepewa kijifuko kidogo cha karibu, ambacho soketi zote zinazohudumiwa na kichwa hicho hukichotea kwa zamu. Akiba ipo, lakini ni ya wote, tena ni ndogo. Hesabu ya pamoja inasema kweli, au karibu na kweli kiasi cha kutosha.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani anafikiri.

"Chef, kumbukumbu haiishe," nikasema. "Inakaliwa tu. Mwenye iko na habari njo anasimama inje."

"Mademoiselle." Aliniita hivyo miaka yote, kwa heshima ya kunikata kucha. "Kila mutoto iko na sahani yake. Hata mwenye hayarudia."

"Na mwenye anarudia anakuta nini?"

Akafumbua macho. "Hiyo dawa yako mupya, inaomba tuzime masine?"

Nikasema ndiyo, kidogo tu, izimwe na kuwashwa, wakati wa mabadiliko ya zamu, shimo likiwa tupu.

Hapo akatabasamu, na nikajua nimeshindwa, kwa sababu nilikuwa nimemtajia jambo moja ambalo kwake lilikuwa kufuru. Seva ile haikuwa imezimwa tangu alipoiwasha kwa mkono wake. Mashine huhesabu yenyewe muda iliokaa macho, na Chef aliwaonyesha wageni hesabu hiyo kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Umeme ulikatika, majenereta yalikufa, jengo lilivuja, na yeye alibeba betri mgongoni, akiwa mtu mzima, ili ile namba isirudi kwenye sifuri.

"Utaizima siku banaenda kunizika," akasema, na akaondoka kwenda kutazama nyama yake.

Nilikwenda juu yake, kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alinikaribisha, akasikiliza, akamwita Chef, akamuuliza mbele yangu kama kuna hatari. Chef akasema seva haijawahi kuanguka. Ilikuwa kweli. Mkurugenzi akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizia treni siku isiyokuwa yake. Nilirudi nyumbani nikamwambia kaka aombe kuhamishwa shimo. Akanicheka. Alisema yeye ana watoto wa shule na lori lenye kiyoyozi, na kwamba ukuta umesimama tangu yeye ni kijana.

Ulisogea mchana, baada ya wiki ya mvua, jua likiwa limetoka na mwamba ukitoa moshi kama nguo iliyoanikwa.

Kaka amenisimulia mara moja tu. Alikuwa amesimamisha lori ili afungue bomba lililoziba. Aliona vijiwe vidogo vikikimbia juu ya ukuta, vyepesi, kama panya, na hakuna aliyevitupa. Alitazama mlingoti wa kengele. Ulikuwa kimya. Akasimama akisubiri iseme, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa: usitazame ukuta, sikiliza kengele. Alisubiri kwa kuwa tulimwambia asubiri. Kisha mwendeshaji wa mashine ya kuchimba, mzee kutoka mji wa Mutshatsha asiyemwamini mtu yeyote, akashikilia honi bila kuachia, na watu wote wakaanza kukimbia. Kaka aliacha lori na bomba. Alipokuwa kwenye mteremko wa kupandia, jiwe lilikuja likidunda na kumpiga juu ya kifundo. Wenzake walimkokota. Walipofika kwenye ngazi ya juu, ukuta ukashuka nyuma yao na kulifunika lori la maji kama mtu anavyofunika moto kwa jembe.

Kisha, vumbi likiwa limeanza kutulia, kengele ikalia. Ililia vizuri, kwa sauti kubwa, juu ya shimo ambalo halikuwa na mtu.

Kipimo kilikuwa kimesema mapema. Nilikiona kwenye rekodi za redio: kilipiga kelele, kikarudishwa, kikapiga tena, kikarudishwa, noyau ikikiambia kwa adabu zake zote kwamba hakuna nafasi. Kilikuwa kimezungukwa na soketi za vipimo vilivyokufa, kila moja na sahani yake.

Mbele ya wakurugenzi Chef alisimama na viatu vyake na kutoa maelezo mafupi. Kengele ililia. Watu wote wako hai. Seva haikuanguka. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na zote tatu kwa pamoja zilikuwa uongo, na nilimtazama akizipanga moja baada ya nyingine kama viti. Nilisema niliyokuwa nayo ya kusema. Walinishukuru. Mguu wa kaka ulifungwa hospitalini na ulipofunguliwa ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Chef alistaafu mwaka uliofuata, kwa keki. Jumatatu yake aliyemrithi alizima mashine, akaweka noyau mpya, akaiwasha. Chai yangu haikuwa imepoa. Tulikaa tukitazama hesabu ya pamoja kwenye kioo, iliyokuwa imeng'ang'ania juu miaka yote, ikishuka na kulala chini kabisa, kama mto wakati wa kiangazi. Soketi zote zilikuwepo. Hakuna iliyolala njaa. Mimi niliondoka hapo muda mfupi baadaye, kwenda kutafuta kazi ambayo isingenilazimu kumheshimu mtu kwa sababu ya umri wake.

Nilimwona tena msimu huu wa kiangazi, Mutshatsha. Kaka sasa anafanya biashara ya makala, yaani mkaa. Hununua huko magunia na kuyaleta mjini, na siku hiyo nilimsindikiza kwa kuwa mguu unamsumbua safarini. Mwenye makala alituelekeza kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka Kolwezi, mwenye shamba na tanuri nyuma ya stesheni. Tulipoingia uani nikaona viatu vinang'aa kabla sijamwona mwenyewe.

Amekonda. Shingo imebaki na ngozi tu. Alifurahi kuniona kwa namna ambayo sikuitegemea, akamwita mkewe, akasema huyu ni mademoiselle aliyekuwa akimsumbua kazini. Mama alinikumbatia. Nikamtambulisha mwenzangu kuwa ni kaka yangu, nisitaje zaidi, na Chef akatukalisha kwenye mkeka, akaagiza bukari, ugali wetu, na samaki, na alipoona kaka anakaa kwa shida akamuuliza mguu ulipatwa na nini.

"Kazi, tata," akasema kaka. "Ku mine."

Ah, ku mine, mgodini! Chef akachangamka. Yeye aliwahi kuokoa watu wa mine. Na akaanza kumsimulia kaka yangu, aliyekaa mbele yake amekunja mguu mmoja na kunyoosha mwingine, habari za siku ile: mvua, ukuta, mashine yake ambayo haikuwahi kuanguka, kengele iliyolia, watu wote wakapanda, hakufa hata mmoja. Alisimulia vizuri. Ilionekana amesimulia mara nyingi. Nilifungua mdomo, na kaka akaniwekea kiganja gotini bila kunitazama.

"Tata," akasema, "mi nilikuwa mule chini. Lori ya maji, njo ilikuwa yangu."

Kuku alipita. Chef alimtazama kaka usoni, kisha mguuni, kisha usoni tena. Mkono uliokuwa ukisimulia ulibaki hewani, kisha akauweka juu ya paja. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia ofisini.

"Ililia?"

Nilimwangalia kaka. Nilitaka Chef alipe. Nilikuwa nimesubiri kwa miaka mtu amwambie Chef neno hilo, kwamba ilichelewa, na aliyestahili kulisema alikuwa kando yangu, na hakuna mkurugenzi hapo wa kumshukuru na kumtoa nje.

"Ililia, tata," akasema kaka. "Wakati tulikuwa tumekwisha kufika ku juu."

Chef akageuka kwangu haraka. "Unasikia, mademoiselle? Ililia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji na kidevu kilikuwa kimeinuka, kama zamani. Alikuwa amechukua neno la kwanza na kuyaacha mengine kwenye mkeka, na niliona kwamba ataondoka nalo, ataliongeza kwenye hadithi yake, na safari nyingine atasema kwamba hata mwenye lori alimthibitishia. Nilimdharau wakati huo kuliko siku zote. Ilikuwa dharau safi, na karibu ilinipa amani.

Mama akaleta bukari, na mjukuu wa kike akaja na birika na beseni atunawishe, kama desturi. Chef akanyoosha mkono akampokonya birika. Mtoto alisita, mama akasema, "Wacha, tata, mutoto njo atanawisha." Akapiga goti mbele ya kaka yangu, mzee yule, viatu vikikunjika, akaanza kummwagia maji mikononi.

Mikono ilikwisha kuwa safi, na Chef aliendelea kumwaga, ametazama beseni, na kaka akaiacha mikono pale chini yake, wala hakuiondoa, hadi maji yalipokoma yenyewe.

Kisha Chef alinigeukia mimi na birika tupu. Mtoto alikuwa ameshakimbilia kisimani kuchota mengine. Mimi sikumsubiri. Nilikata tonge nikala na mikono yangu kama ilivyokuwa.